Gitaa la fremu ya mlango

Swali la kwanza la kila anayelishika hili gitaa ni "hii mbao gani?" na nikisema mninga anatingisha kichwa, aaah ndo maana sauti tamu hivi. Siku hizi nanyamaza tu. Ila hapa ni kwangu, naruhusiwa kubisha, kwahiyo nabisha: kwenye gitaa la umeme mbao ndo kitu cha mwisho cha kukukosesha usingizi. Sauti ni nyuzi za chuma zinatikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya wa kopa, ndo tunaita pikapu, basi. Kinachoamua kama umetengeneza gitaa au pambo la ukutani ni milimita chache kwenye shingo.

Na historia inanibeba. Gitaa la umeme la Rickenbacker lililoingia sokoni 1932, lile la kulaza mapajani ambalo Wamarekani wenyewe walilibatiza kikaango, lilikuwa aluminiamu ya kumimina, hakuna mbao hata kijiti. Mpiga gitaa Les Paul mwaka 1940 hivi alichukua boriti ya mpaini ya inchi 4 kwa 4 akaifunga shingo na pikapu, akaenda kupiga nayo, watu wakawa wanaitazama tu hawaelewi ni kitu gani, akarudi akabandika mabawa ya gitaa la kawaida pembeni, sauti ileile, safari hii wakapenda. Danelectro miaka ya 50 walikuwa wanafunika magitaa yao kwa Masonite, ni hiyohiyo hadibodi tunayopigilia nyuma ya kabati la nguo, na leo watu wanayatafuta kwa hela ndefu. Franco wa OK Jazz alianza na gitaa la kujitengenezea. Na sisi wengine tuliokulia uswahilini tumeanza na galoni la mafuta ya kula na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, na likilia vizuri hakuna aliyeuliza galoni la kampuni gani.

Sasa kwanini nimetumia mninga? Kwasababu ilikuwepo, ilikuwa kavu na haipindi. Sababu hizo tatu tu.

Kuna nyumba ya zamani ilikuwa inavunjwa huku Temeke, zile za vyumba sita na korido katikati, mafundi wamezitoa fremu za milango wamezilaza nje zinanyeshewa. Fremu za zamani si unazijua, 2 kwa 6 ya mninga, nzito, zimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, kijani, kahawia, nyingine sijui krimu. Nikaongea na msimamizi pale tukaelewana bei, nikabeba mbili kwa bajaji, dereva analalamika njia nzima. Ukiikwangua ile rangi ndani unakuta mbao nyekundu ya hudhurungi yenye mistari, imekaa ukutani miaka mingi kuliko umri wangu, imeshapinda ilikotaka kupinda na imeshatulia. Hicho kitu hukipati kwenye mbao mpya. Mbao ya kununua leo mara nyingi ni mbichi ndani hata kama juu inaonekana kavu, ukitengenezea shingo inakugeukia baada ya miezi. Kama huna fremu ya mlango nunua mbao mapema, iweke kivulini na vijiti katikati hewa ipite, pima uzito kila wiki kwa mzani wa jikoni uandike, siku uzito ukiacha kushuka ndo umalizie kuikata.

Wanaodhani ni umaskini kutumia mabaki wakamuulize Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen. Mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 16 yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa nyumbani, shingo imechongwa kutoka kwenye mbao ya meko ya zamani, springi za trimolo (ule mkono wa kuyumbisha sauti) ni za valvu za pikipiki kuukuu, alama za kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ni vifungo vya nguo vya mama yake. Ndo gitaa alilopigia na Queen miaka yote na mpaka leo analo. (Bendi ambayo muimbaji wake kazaliwa Unguja pale, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Mfano niliofuata mimi ni Telecaster ya Leo Fender ya mwanzoni mwa miaka ya 50, kwasababu ni gitaa la fundi. Fender alikuwa fundi redio, hata kupiga gitaa alikuwa hajui, kwahiyo alichora kitu cha kufungika na kufunguka: ubao bapa wa unene wa milimita 45 hivi, shingo unaifunga kwa skrubu nne, pikapu mbili, kwisha. Shingo ikiharibika unatoa unaweka nyingine. Hakuna kuinamisha shingo, hakuna kuchonga tumbo. Mtu wa mara ya kwanza asianze na kitu kingine.

Haya twende kwenye shingo, maana hapa ndo nilikaa sana.

Urefu wa uzi kutoka kwenye nati (kile kijiti nyuzi zinapopita huku kichwani) mpaka kwenye briji (zinapoishia kwenye bodi) kwa mfumo wa Fender ni inchi 25 na nusu, milimita 648. Freti zinapangwa kwa hesabu moja tu: chukua urefu uliobaki gawanya kwa 17.817, unapata umbali wa freti inayofuata. Kwahiyo freti ya kwanza iko 36.37 kutoka kwenye nati, ya pili 70.70, ya tano 162.55, ya saba 215.51, ya 12 lazima iangukie katikati kabisa yaani 324, na ya 22 kama utaiweka ni 466.16. Andika zote kwenye karatasi kabla hujagusa mbao. Alafu kila freti ipime kutoka kwenye NATI, usipime kutoka kwenye freti iliyopita, kwasababu ukipima ya pili kutoka ya kwanza na ya tatu kutoka ya pili ule unywele unaokosea kila mara unajumlishana, ukifika ya 15 umeshatoka nje. Rula ya chuma ndefu, kisu cha ncha kali badala ya penseli, na mwanga wa kutosha.

Na hapa kuna jambo la kwetu. Solo zetu, iwe za dansi la Sikinde na Msondo au sebene la Kikongo, zinaishi juu, freti ya 10 mpaka 17 huko, vidole haviteremki. Mtu anayepiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kanisani chini kule freti za kwanza tatu atasamehe mengi. Ukiangalia nafasi kati ya nati na freti ya kwanza ni milimita 36, kati ya freti ya 14 na ya 15 ni 16 tu na kidogo. Maana yake ukikosea nusu milimita huku juu kosa linasikika zaidi ya mara mbili ya lilelile la chini. Kwahiyo gitaa la kupiga solo la bendi zetu linataka umakini kuliko gitaa la kodi, na nimekutana na magitaa ya dukani mazuri kwa macho yanayopishana na bendi nzima ukipanda juu ya freti ya 12. Watu wanalaumu nyuzi. Mara nyingine ni briji kuwekwa ovyo, mara nyingine freti zenyewe.

Fretibodi yangu, yaani ubao wa juu ya shingo unaobeba freti, ni mpingo. Hapo nakubali kujionyesha kidogo. Mpingo wetu wa kule Kilwa na Lindi ndo unaotengeneza klarineti na obo za Ulaya, mbao nzito inazama kwenye maji, na mti wenyewe unaweza kuchukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kukatwa. Shida yake ni moja, mpingo haunyooki. Gogo limejikunja, lina mashimo, lina nyufa, kupata kipande kilichonyooka sentimita 50 bila ufa ni kazi. Nilienda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikamsalimia mzee mmoja nikamuelezea nataka nini, akacheka, "mwanangu, hapa tunachonga kinachofuata mti, wewe unataka mti ufuate rula yako". Akanitafutia lakini. Kilikuwa na ufa pembeni lakini baada ya kukata kikabaki cha upana wa sentimita 6 na ushee, na shingo pale kwenye nati inahitaji milimita 42 tu, ikipanuka kwenda 56 mwishoni.

Kama utatumia mpingo jua mambo haya. Una mafuta, gundi nyeupe ya mbao inaweza kukuachia, kwahiyo futa uso wa kugundisha kwa asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, alafu gundisha hapohapo kwa epoksi. Vumbi lake vaa barakoa, linawasha ngozi na kifua, na mninga nayo vumbi lake siyo zuri kwa mwenye pumu. Alafu vumbi la mpingo likiingia kwenye vitundu vya mbao nyeupe au nyekundu halitoki, linaacha weusi, kwahiyo piga tepu pembeni kabla ya msasa na upulize kwa kompresa, usifute kwa mkono. Na mifereji ya freti isiwe myembamba kuliko inavyotakiwa. Mimi nilikata ya 0.6. Mpingo hauna huruma, ukilazimisha freti 21 kwenye mifereji iliyobana kila freti inakuwa kabari, zote kwa pamoja zinaisukuma shingo irudi nyuma kama upinde na hapo trasirodi (nondo ya ndani ya shingo ya kurekebishia upinde) ya upande mmoja haikusaidii chochote. Pitisha tupa ndogo ya pembetatu juu ya kila mfereji kwanza, ili siku ukitoa freti kingo zisibanduke.

Shingo yenyewe ni vipande vitatu, mninga pembeni na mkongo katikati, nyuzi za mbao nimezigeuza zikabiliane ili kimoja kikitaka kupinda kingine kikatae. Katikati unachimba mtaro wa trasirodi kwa ruta, ile mashine ya kuchimbia mbao. Hiyo trasirodi niliagiza, ya njia mbili yaani inapinda shingo mbele na nyuma, sentimita 44, maana kuna mafundi hapa mjini wanaweza kukukatia nondo na kuitia uzi vizuri tu ila ya njia mbili ina kazi nyingi na bei yake siyo ya kugombania.

Kuchonga mgongo wa shingo nisielezee sana, ni randa ya mkono, tupa kubwa ya mbao, msasa, na unashikashika kila dakika. Hakuna rula inayokuambia imetosha, mkono ndo unasema.

Bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, ilienda haraka. Vipande vitatu vya fremu vimepigwa randa vikagundishwa ubavu kwa ubavu, nikahakikisha matundu ya misumari ya zamani yanaangukia sehemu inayokatwa au chini ya briji. Templeti ya MDF, ruta, mashimo ya pikapu, mfuko wa shingo wenye kina cha milimita 16. Mfuko wa shingo ubane. Ukiweka shingo bila skrubu ukanyanyua gitaa zima kwa kushika shingo likabaki linaning'inia, umefanya kazi. Kona ya chini nimeikata ndani zaidi kuliko Telecaster ya kweli, ili kiganja kifike freti ya 19 bila kujikunja, sababu nishaisema. Bodi tupu ilikuja kama kilo mbili na nusu, siyo nyepesi siyo ya kuumiza bega.

Umeme wake sasa. Pikapu nilinunua, sikusuka mwenyewe, ule waya ni mwembamba kama milimita 0.06 na unazungushwa mara elfu saba na zaidi, siku nyingine labda. Poti mbili (vile vya kuzungusha kupandisha sauti na kubadili toni) za kilo-omu 250, swichi ya njia tatu, kapasita ya maikrofaradi 0.047 kwenye toni, jeki. Mchoro wake ni rahisi kuliko wa pasi. Lililo la muhimu ni kuzuia mvumo. Pikapu za koili moja zinadaka kila kitu, taa za tyubu, chaja za simu, waya za Tanesco ukutani, unapata ule mmmmm wa hezi 50. Ndani ya mashimo yote nimebandika tepu ya kopa, vipande vyote vinagusana na vyote vinaenda kwenye waya wa ardhi. Wengine wanatumia foili ya jikoni, inakinga kweli, ila risasi ya kuunganishia waya haishiki kwenye aluminiamu kwahiyo utahangaika kuunganisha waya. Waya mmoja wa ardhi unapita chini ya briji, ndo maana ukigusa nyuzi mvumo unapungua.

Na hapohapo niwape tahadhari wapiga gitaa wa baa na kumbi zetu. Huo waya unamaanisha nyuzi zako zimeunganishwa na bodi ya chuma ya ampu (kikuza sauti). Ukumbi usio na ethi ya kweli, au ampu iliyochomwa chomwa na fundi wa haraka pini ya ethi imekatwa, ukishika nyuzi ukasogeza mdomo kwenye maiki inayotoka kwenye mixa nyingine unaweza kupigwa shoti ya midomo. Wengi wameshapigwa wanachekea. Siyo ya kucheka, watu wamekufa kwa hiyo. Tembea na testa.

Tukija kwenye finishi. Mimi nilidhani hapa ndo mwisho mwisho, kumbe mtu akikuambia gitaa limebaki finishi tu ujue amebakiza nusu ya kazi.

Nilipeleka bodi Keko, kwa mzee mmoja anapiga laka makochi na vitanda tangu sijazaliwa. Shikamoo, marahaba, akaigeuza geuza akauliza "hii meza ya nini mbona ina matundu?" Nikamuelezea. Akasema sawa lakini siyo leo. Ilikuwa masika imeanza kuchanganya, mawingu yametanda, na yeye anasema ukipiga laka kipindi hiki inaota ukungu mweupe. Ana haki kabisa. Thina inapopaa inakuwa inapoza uso wa mbao, hewa ya Dar imejaa maji, yale maji yanaganda kwenye laka ikiwa bado mbichi na unapata weupe kama maziwa. Dawa yake ipo, thina inayokauka taratibu, hata laka iliyoshaota ukungu unaipulizia hiyo thina kidogo inalainika maji yanatoka weupe unapotea. Ila mzee hataki dawa, anataka jua. Kwahiyo bodi ikakaa kwangu imening'inia mpaka mvua zikaisha, mke wangu anapita kila siku anauliza hii kitu itatoka lini sebuleni.

Huku katikati fundi rangi mmoja wa gereji, rafiki yangu, ananishawishi niachane na laka nipige klia ya magari, ile ya kuchanganya na hadna. Hoja zake siyo za kijinga. Inakauka kesho yake, ngumu, inang'aa, haiogopi jasho. Na Fender mwenyewe rangi zake nyingi za miaka ya 50 na 60 zilikuwa za magari, DuPont, ile nyekundu maarufu ya Fiesta Red ni rangi ya Ford Thunderbird. Lakini hadna ya klia ina isosayaneti, hiyo inaua mapafu taratibu, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu na nimemuona jamaa anapuliza na tisheti kafunga puani. Pili, klia ikichubuka tabaka jipya halishikani na la zamani mpaka ulikwangue. Laka ya NC (nitroselulosi, hii ya mzee wa Keko) kila tabaka linayeyuka kidogo kuingia kwenye lililopita, zote zinakuwa kitu kimoja, kwahiyo gitaa likigongwa kwenye stendi ya maiki miaka mitano ijayo narekebisha palepale. Gitaa la bendi lazima ligongwe. Nikabaki na laka.

Kabla ya laka ni vitundu. Mninga ina vitundu wazi, ukipuliza laka moja kwa moja inazama humo na uso unabaki na vidimbwi. Mzee wa Keko anachukua unga wa mninga uleule wa msasa, anauchanganya na sanding sila (ile ya kupaka chini kabla ya laka) mpaka inakuwa uji mzito, anapaka kwa kukata nyuzi za mbao, akimaliza anaukwangua kwa kadi ya simu ya zamani. Ikikauka msasa namba 220, anarudia. Alafu sanding sila tupu mara mbili tatu, msasa 320 kila mara. Ukiinamisha ubao kwenye mwanga wa dirisha usione kitundu hata kimoja, ndo uanze laka.

Kupuliza kwenyewe aliniachia nifanye yeye anasimamia. Saa saba mpaka saa tisa mchana tu, siyo asubuhi. Tabaka jembamba, karibu unadhani hujapuliza kitu, unasubiri, lingine. Anasema vijana wanapiga nene wamalize haraka, juu inakauka ndani inabaki mbichi, mwezi ujao inapasuka. Nilitaka nihesabu matabaka akanikatiza, "hesabu za nini, tazama". Ilivyotosha ilionekana, kina cha ile rangi ya mninga ukiisogeza kwenye jua unaona mistari inatembea.

Baada ya hapo unaitundika uiache. Hii sehemu ndo wengi wanashindwa. Laka ya NC haijakauka kwasababu haikunati, imekauka siku harufu imeisha. Unachomeka pua kwenye shimo la pikapu unanusa. Kama bado inanukia thina iache, ukianza kung'arisha sasa hivi itaendelea kusinyaa na vile vitundu vyote vitarudi kuchungulia.

Kung'arisha ni msasa wa maji, 800 na tone la sabuni, 1000, 1500, 2000, alafu kompaundi ya magari na flana ya zamani. Kingo ziogope, kwenye kingo laka ni nyembamba na msasa unakula haraka, mimi kwenye kingo sigusi kabisa na 800. Na maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, mbao ikivimba pale laka inapasuka kuzunguka tundu. Niliziba kwa nta ya mshumaa kwanza.

Shingo haina laka mgongoni. Jasho la mkono wa Dar na laka haviendani, kiganja kinanata. Nimepaka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, kidogo kidogo, unapaka unafuta, ikawa inateleza vizuri. Vitambaa vya hayo mafuta usivikunje ukatupa kwenye kona, vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kushika moto, vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji. Mpingo mbele haukuhitaji kitu, ni kuusugua tu mpaka 2000 ukawa unang'aa wenyewe.

Nati ni mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, bure, muuza nyama akadhani nina mbwa. Unauchemsha, unatoa uboho wote, unauloweka kwenye petroli (nje, mbali na jiko!) mafuta yatoke, unauanika. Unanuka ukiukata, kama kwa daktari wa meno. Mifereji ya nyuzi nimekata kwa zile sindano za kusafishia mdomo wa tochi ya kuchomelea gesi, ziko saizi tofauti tofauti na ni bei chee, tupa maalum za nati bei yake ni kama ya pikapu.

Freti nazo lazima zisawazishwe hata kama ulizigonga vizuri. Unapaka makapeni juu ya freti zote, unapitisha kioo kinene kilichobandikwa msasa, pale wino ulipobaki ndo chini, unaendelea mpaka wino wote uondoke, alafu unazirudishia mviringo kwa tupa moja moja. Kazi ya kuchosha macho, lakini bila hiyo utapata nyuzi zinazokoroma.

Mwisho ni kusetia. Nyuzi za 10 mpaka 46 (unene kwa elfu za inchi). Shingo iwe na upinde mdogo mbele, robo milimita ukipima freti ya saba, nilitumia fila geji ya fundi pikipiki ya kupimia valvu. Briji unaisogeza mpaka noti ya freti ya 12 na ile hamoniki yake (unagusa uzi pale bila kuubonyeza) zikubaliane kwenye tyuna ya simu, na utakuta uzi mnene unataka kurudi nyuma milimita kadhaa kupita zile 648, ndivyo ilivyo, ukibonyeza uzi unaukaza.

Nimemkabidhi kaka mmoja anayepiga solo kwenye bendi ya huku kwetu, anashinda freti ya 12 kwenda juu, ndo niliyekuwa namuwaza wakati wote. Jumamosi ya kwanza akarudi nalo: sauti sawa, tyuni sawa mpaka juu, ila nyuzi ziko juu kidogo, yeye kazoea kugusa tu. Nikashusha zile nyembamba kutoka 1.6 mpaka 1.3 pale freti ya 12, akapiga, uzi wa kwanza ukaanza kukoroma akiupinda freti ya 17. Tumerudisha 1.5. Amenuna kidogo, nimemwambia apunguze nguvu mkono wa kulia au aniletee nyuzi za 9 tujaribu.